UZI: Albamu kali zilizofunikwa, tutajane hapa (sio wimbo mmoja, albamu nzima)

Chizi wa Kaseti:

Wakuu heshima kwenu. Uzi huu sio wa ngoma moja moja, hizo kila mtu anazo kwenye simu yake. Nataka albamu, yaani unaanza wimbo wa kwanza unaendelea na shughuli zako unakuja kushtuka imeisha na hujaruka hata mmoja, halafu ukiuliza mtaani mtu anakwambia hiyo siijui, au anajua ule wa redioni tu.

Mi kwa mtazamo wangu hiti ndo inaua albamu zetu. Wimbo mmoja unapigwa redioni, unapigwa kwenye daladala, unapigwa kwenye harusi mpaka mnauchoka, na zile tisa zilizobaki zinafia kwenye kaseti, na kaseti yenyewe siku moja redio inatafuna utepe ndo basi tena. Enzi za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ndo kabisa, bendi ilikuwa haikai chini kupanga albamu, mnaingia studio ya redio mnarekodi nyimbo zenu zinaenda hewani, na santuri zikitoka ni wimbo upande huu na wimbo upande ule, nyingi zinachapwa Nairobi. Ndo maana bendi kama Mlimani Park mpaka leo ukitaka albamu yao iliyopangika unaambiwa tafuta ile inaitwa Sikinde iliyotoka 1994 kwa lebo ya Africassette, Marekani, wakati nyimbo zenyewe zimerekodiwa studio ya RTD pale Pugu Road miaka ya 80. Mmarekani kaipata ikiwa na kava na maelezo, sie tunaokoteza vipande.

Masharti: taja albamu, mwaka kama unaujua, na useme KWA NINI. Ukitaja wimbo mmoja sina uwezo wa kukufuta ila nitakudharau.

Naanza. X Plastaz, Maasai Hip Hop, 2004. Vijana wa Arusha hao, Gsan, Ziggy, Nelly na wenzao, wakamchukua Mmasai mwenyewe kabisa Yamat Ole Meipuko akawa ndani ya kundi. Albamu ilitoka kwa lebo ya Ujerumani Out Here. Sasa sikiliza hapa: kipindi kile mtu akiweka kitu cha asili kwenye hip hop alikuwa anaweka kama pambo, filimbi sekunde kumi mwanzoni halafu biti inaendelea zake. Hawa wamefanya kinyume. Ile sauti ya kooni ya Kimasai inayokwenda na pumzi ndo inashika mdundo, unaweza kutoa ngoma na ukabaki unatikisa kichwa. Juu yake wanachana Kiswahili, kuna Kihaya humo, kuna Kimaa. Ukifika Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki unaelewa hawa hawakuja kuchekesha watalii. Nelly aliuawa Arusha 2006, kundi likapoteza nguvu. Gsan 2009 akaonekana kwenye mchano wa tuzo za BET Marekani na bado watu hapa nyumbani wakauliza huyu nani.

Chalii wa Ngarenaro:

Aisee arif umegusa penyewe. Niongeze tu kwamba Arusha tulikuwa na mambo mengi sana kipindi kile ila kama redio ya Dar haijakupiga we haupo. Msimu kwa Msimu ya X Plastaz sisi tulikuwa tunaijua neno kwa neno, ukienda Dar kwa mjomba unawawekea wanakuangalia tu. Kwenye ile albamu mi napenda kwamba hawajajilazimisha kuongea kama watu wa Dar, lafudhi ya chuga imebaki vilevile.

Mzee Kijiwe:

Vijana salaam. Mada nzuri ila nina swali, hizo zinazotajwa "zimefunikwa" zimefunikwa kwa nani? Mzungu anazo, anaziandika kwenye magazeti yake, anazicheza kwenye matamasha. Sema sisi ndo hatuzijui. Hilo ni jambo jingine.

Chizi wa Kaseti:

Mzee shikamoo. Ndo hapo hapo ninapopigia kelele. Huwezi kusema albamu imetambulika wakati aliyeimbiwa hajaisikia.

Mzee Kijiwe:

Marahaba. Haya basi nitakuja na yangu, ngoja nimalize kahawa.

Binti Chumbageni:

Jamani kabla Mzee hajamaliza kahawa yake naomba niseme ya Tanga maana najua mtaenda Zanzibar moja kwa moja mkisikia neno taarabu.

Nyota, ya Black Star na Lucky Star Musical Club, 1989, lebo ya GlobeStyle ya Uingereza. Humo yupo Shakila. Watu wengi wa rika langu Shakila wanamjua kama bibi mmoja alikuwa anaitwa kwenye hafla anaimba Macho Yanacheka Moyo Unalia watu wanafuta machozi halafu wanarudi kwenye mipasho yao. Basi nendeni mkasikilize hii. Kwanza hamtasikia fidla ishirini za Kimisri, Tanga hawakuwa na hayo. Black Star wao walichukua gitaa, wakachukua besi, wakaweka mapigo ya dansi ambayo mtu anaweza kunyanyuka akacheza, halafu juu yake mwanamke anaimba taratibu kabisa bila kukimbia, neno moja analizungusha mpaka unasahau sentensi ilianzia wapi. Lucky Star walimeguka humohumo Black Star na Shakila akaenda nao, baadae ndo akaja Dar na JKT Taarab.

Kitu kinachoniuma ni kwamba taarabu ya kisasa yote hii mnayoipigia vigelegele, mwanamke mbele ya kipaza sauti, gitaa, kinanda, watu kunyanyuka na kutunza, mlango huo Tanga waliufungua mapema sana na mtindo ukaenda mpaka Mombasa, lakini ukitajwa historia wanatajwa Siti binti Saad, wanatajwa Ikhwani Safaa walioanza 1905, halafu wanaruka moja kwa moja kwenye modern taarab. Tanga inarukwa kama kituo ambacho basi halisimami.

Wakuu hata kama hupendi taarabu, sikiliza besi tu. Besi inatembea peke yake mle.

Yakhe Makadara:

Ahsante binti wa Tanga, umenena. Lakini nyote mwazungumza ya huko kwenu na sie watu wa Mvita mwatuwacha nyuma kama kawaida.

Zein Musical Party, Mtindo wa Mombasa, mwaka 1990, lebo ni iyo iyo GlobeStyle. Zein l'Abdin ni mtu wa Lamu asili yake, na kwa udi sijaona wa kumfikia ufuoni kwetu, na anayebisha na aje hapa na jina. Mwengine akipiga udi wajua kuwa apiga udi. Zein yeye audodosha, apiga kidogo anyamaza, halafu ajibu kwa sauti yake mwenyewe, wewe uliyekaa wangoja lile jibu. Na mashairi si ya kubahatisha, ni ya watu waliojua vina na mizani, Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kimo cha kukutosha, nyinyi wa bara yawapasa mukae na mzee pembeni awafafanulie.

Ila hapa kwetu ukimtaja taarabu kijana atakwambia Juma Bhalo, na Bhalo ni Bhalo simuondoi katika cheo chake, ila wale wa harusini ndio wapatao jina, huyu wa kusikilizwa mukaketi akawa ni wa watu wachache. Na ya Maulidi Juma pia iko, Mombasa Wedding Special, mwaka uo huo 90, ile ni ya kucheza, muwekeeni mama zenu musione wakishika leso.

Omosh wa Mtaa:

Wasee niaje. Kutoka Nairobi naleta mbili na nitazipigania zote.

Ya kwanza Gidi Gidi Maji Maji, Ismarwa, 2000. Kila mtu anajua Unbwogable, hiyo ya uchaguzi wa 2002 ilitumika mpaka wanasiasa wakaimaliza utamu. Sasa manze Chizi hapa ako sawa kabisa kuhusu hiti kuua albamu, hii ni mbaya zaidi juu hiti ya albamu ingine ndo iliua hii. Ismarwa ni Dholuo karibu yote, prodyuza ni Tedd Josiah, na hao vijana wawili walikuwa wanaflow kwa lugha ya nyumbani wakati kila msee Nairobi alikuwa anajaribu kurap ka Mmarekani. Mimi si Mjaluo, sielewi hata nusu, na bado naskiza mwanzo mpaka mwisho. Ting' Badi Malo ndo ilikuwa inachezwa kwa party lakini si hiyo ndo kali, we skiza zenye ziko polepole.

Ya pili Kilio cha Haki, 2004. Hii ni ya wasee wa Eastlands, Ukoo Flani Mau Mau na wengine wengi. Watu wanataja kundi la Kalamashaka na ngoma yao Tafsiri Hii, sawa, hao ndo walifungua njia, na Ni Wakati ya 2001 ni albamu ya heshima. Lakini Kilio cha Haki iko na kitu hizo zingine hazina, haina nyota. Msee anaingia anapiga vesi yake anatoka, mwingine anaingia, hujui nani ni nani, na wote wanaongea kitu moja, polisi, njaa, kodi ya nyumba. Redio haingecheza hiyo, matangazo ya sabuni wangeweka wapi? Ilikuwa inasambaa mkono kwa mkono tu.

Chalii wa Ngarenaro:

Kilio cha Haki nimeisikia kwa jamaa wa Namanga. Balaa.

DogoMburahati:

Sasa wazee wangu mmeanza 1989 mkaja 1990 mkaja 2000, hivi nyie mnajua kwamba watu bado wanatoa albamu au mnasubiri wafe kwanza 😂

Sounds of Sisso, 2017, Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Singeli ya Mburahati hiyo, studio ya Sisso, chumba cha kawaida uswahilini. Mapigo 200 na kitu kwa dakika, Mc anaingia hapumui. Hii albamu watu wa Ulaya waliipokea kwa mikono miwili, wasanii wa kwetu wakaanza kuitwa matamasha huko, na hapa Dar mtu wa Mbezi Beach anakwambia singeli ni fujo za wahuni wa uswazi. Baada ya hapo ikaja Poaa ya Bamba Pana 2018, ikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta 2019, ikaja Uingizaji Hewa ya Duke mwaka huohuo, ikaja Mr Mixondo ya DJ Travella 2022. Nimewatajia tano ambazo nabeti humu mmesikia sifuri.

Mzee Kijiwe:

Kijana hiyo singeli kwa sisi wenye presha tunaisikilizia wapi?

DogoMburahati:

Mzee wangu we weka sauti ndogo, ukizoea mapigo moyo nao unazoea 😂😂

Chizi wa Kaseti:

Dogo kaleta hoja na nitamsaidia. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, na albamu ya mchiriku ambayo watu hawajaipa haki yake ni Bongo Hotheads ya Jagwa Music, 2012, Crammed Discs ya Ubelgiji, hao hao waliowatoa Konono No. 1 wa Kinshasa. Jagwa ni wa Mwananyamala. Wale waliokulia uswahilini wanajua mchiriku ulivyokuwa, kinanda kidogo cha Casio kile cha kuchezea watoto, betri zimefungwa kwa mpira, spika za honi zinatoboa masikio, ngoma, mtu anagonga kigoda kwa vijiti, inapigwa usiku kwenye vigodoro mpaka mjumbe anakuja kuomba watu walale. Sasa kwenye studio ungetegemea wasafishe ile sauti. Hawajasafisha. Kile kinanda kinalia vilevile kama kimeudhika, na mashairi ni ya mtaani, mke wa mtu, ulevi, maisha magumu, ushauri wa mama. Mtu akitaka kujua singeli ilitoka wapi aanzie hapo, hatahitaji kusimuliwa.

Na mnaona tena, Ubelgiji. Kampala. Ujerumani. Uingereza. Ningekuwa na pesa ningefungua lebo Kinondoni kesho asubuhi.

Buja_Brussels:

Umetaja Ubelgiji nikaona nije. Mimi ni wa Bujumbura, naishi huku, nasoma nyuzi zenu kimya kimya.

Khadja Nin. Najua mtasema tunamjua, Sambolera hiyo. Sawa, 1996 ule wimbo ulipigwa kila mahali, hadi leo ukipanda gari la mzee wa Buja utausikia. Lakini yeye ana albamu kabla yake, Ya Pili ya mwaka 1994, ambayo nikimuuliza mtu wa Dar ama Nairobi hanipatii jibu. Anaimba Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, na Kiswahili chake ni cha kwetu cha Buyenzi na Bwiza, hakijachujwa ili kiwafurahishe watu wa pwani. Sauti yake haipandi. Wanamuziki wengi wa wakati ule walikuwa wanapiga kelele ili wasikike Ulaya, yeye anaongea nawe kama mko jikoni. Ana na ule unaitwa Sina Mali, Sina Deni, ambao ni Free ya Stevie Wonder ameubadilisha ukawa wa Kiswahili, na mimi nausikiliza zaidi huu kuliko ule wa Stevie, mnisamehe.

Halafu 2018 alikuwa kwenye jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes, nikaona watu mtandaoni wanauliza huyu mama wa Kiafrika ni nani. Nilitaka kutupa simu.

Binti Chumbageni:

Hiyo Ya Pili nimeitafuta sasa hivi, niko wimbo wa tatu. Dada (au kaka?) ubarikiwe.

Buja_Brussels:

Dada. Karibu sana.

Mzee Kijiwe:

Haya kahawa imeisha.

Remmy Ongala na Super Matimila. Wote mnamjua, Sinza Kwa Remmy ni kituo cha daladala, mtu gani zaidi ana kituo. Lakini hamjui albamu zake nyie, mnajua Kifo, mnajua Mambo kwa Soksi, ambao RTD walikataa kuupiga kwa hiyo kila mtu akautafuta. Na hata wanaojua albamu wanakimbilia Songs for the Poor Man ya 1989 aliyorekodi kule Uingereza kwa Peter Gabriel, Real World. Ni nzuri. Ina Karola, ina Kipenda Roho, ina Sauti ya Mnyonge. Siipingi.

Ninayoitetea mimi ni ya pili yake, Mambo, 1992. Watu waliidharau kwa sababu Remmy ameimba Kiingereza humo, na Kiingereza chake ni kile kile cha Remmy, wakaona ameuza sura kwa wazungu. Hawakusikiliza magitaa. Mimi nilikuwa nakwenda kuwaona hawa jukwaani na nakwambia sauti ya Matimila iliyo karibu zaidi na ile ya jukwaani iko kwenye hii. Magitaa matatu yanaongea kila mmoja na habari yake na hayagongani. Solo la Batii Osenga linakuja kwa pembeni, halikatizi mwimbaji, linasubiri amalize ndo linasema lake. Na kuna wimbo unaitwa Mrema, na mjue 1992 Augustine Mrema ndo waziri wa mambo ya ndani anayetamba kila gazeti. Mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, anakaa Dar, anarekodi Uingereza, anaimba habari ya waziri wetu, halafu mnasema amewaimbia wazungu? Mzungu gani anamjua Mrema?

Omosh wa Mtaa:

Mzee umemaliza kesi 😂😂 mzungu gani anamjua Mrema

Chizi wa Kaseti:

Mzee hapa nakupinga kidogo. Mambo ina nyimbo mbili ambazo mi hunikuti nazisikiliza mara ya pili, na zote ni zile za Kiingereza. Albamu ya 89 haina hata moja ya kuruka. Kwa masharti ya uzi huu, Mambo inafeli.

Mzee Kijiwe:

Masharti yako uliyaweka wewe. Rudi ukaisikilize kwenye redio yenye spika mbili, sio hizo za masikioni za elfu tatu.

Mkazi wa Nansio:

Naomba niweke moja ambayo najua hakuna mtu humu ameisikia. White African Power, Tanzania Albinism Collective, 2017. Ni watu wenye ualbino wa huku kwetu Ukerewe, walirekodiwa na prodyuza Mmarekani Ian Brennan. Usitegemee bendi. Nyimbo fupi fupi, mtu na sauti yake, wengine walikuwa hawajawahi kuimba mbele za watu kwa sababu hata kanisani walikuwa wanakaa nyuma. Kuna sehemu sauti inatetemeka na wameiacha hivyohivyo. Sio ya kuweka kwenye sherehe, na ukiianza utaimaliza, ni fupi.

Chalii wa Ngarenaro:

Naisikiliza usiku huu. Asante mkuu.

Konda Mstaafu:

Mimi napita tu ila siwezi kuona uzi wa hivi bila Simba Wanyika. Sio Sina Makosa, ile ni Les Wanyika, waliomeguka 1978, msichanganye kama wanavyochanganya kila siku. Simba Wanyika wenyewe ni Wilson Peter na George Peter Kinyonga, ndugu wa Tanga hao (binti wa Chumbageni piga kifua), walianzia Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, wakavuka Kenya na kuanza Simba Wanyika 1971. Albamu ni Pepea, 1992, lebo ya Uholanzi inaitwa Kameleon. Ile ya mwisho mwisho kabisa, George akafariki mwaka huohuo na Wilson akafuata 1995. Watu wanapenda zile za zamani zenye mikwaruzo, wanasema hii imesafishwa sana. Mi nawaambia ndo mara ya kwanza unasikia gitaa la ridhimu kila waya, ile kazi yake ya chini chini ambayo kwenye santuri za zamani ilikuwa imezama kwenye saksafoni. Gari likiwa tupu usiku unarudi gereji hakuna muziki mwingine.

Binti Chumbageni:

Kifua nimepiga 💪🏾 Tanga tumetoa kila kitu na hatuna kitu.

Chizi wa Kaseti:

Sasa naongeza yangu ya pili halafu nawaachia. Hukwe Zawose na Michael Brook, Assembly, 2002, Real World. Mzee Zawose kila mtu anamsifia kwa mdomo, shuleni tuliambiwa ni hazina ya taifa, kafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kapeperusha bendera, lakini muulize mtu amesikiliza albamu yake ipi. Kimya. Wachache watakwambia Chibite ya 1996, ambayo ni yeye na zeze na marimba na sauti za kwao, safi kabisa. Assembly wengi wa wanaojua muziki wa asili wanaikataa kwa sababu Brook ni Mkanada wa magitaa na mashine. Mi naona ndo ujasiri wenyewe. Mzee alikuwa na sauti inayoshuka mpaka chini kwenye kifua halafu inaruka juu kama ya mtoto, na zeze likapita katikati, na Brook alikuwa na akili ya kutojaza zile nafasi. Amefariki 2003, mwaka mmoja tu baadae.

Na muendelee mpaka kwa The Zawose Queens, albamu Maisha, 2024, Real World haohao. Pendo ni binti yake, Leah ni mjukuu. Kwa miaka wanawake wa ile familia walikuwa waitikiaji, wanapiga ngoma za muheme na kuimba nyuma, mbele ni wanaume. Sasa wako mbele wenyewe na ile kuitikiana kwao ya Kigogo, sauti zinazofukuzana bila kukanyagana, ndo imekuwa wimbo. Imetoka juzi juzi, bado mna muda wa kuisikiliza kabla haijawa ya kusahaulika na mtu akaja kufungua uzi.

DogoMburahati:

Hizi zote zinapatikana wapi lakini? Mzee Kijiwe najua ana kaseti, sie tufanyeje

Buja_Brussels:

Real World, Out Here, Crammed na Nyege Nyege wote wako Bandcamp, unasikiliza bure kwanza halafu ukinunua pesa inaenda kwenye lebo. Zile za GlobeStyle ni shida zaidi, za Tanga na Mombasa, lakini kwenye tovuti ya Discogs watu wanauza sidii zilizotumika. Nimeona Nyota hapo wiki hizi. Ya Pili ziko nyingi kwenye maduka ya mitumba hapa Brussels, zinauzwa bei ya soda, inauma na inafurahisha.

Yakhe Makadara:

Dada wa Brussels, ukiona ya Zein niwekee, ntakutumia pesa kwa mtu.

Dereva Kasumbalesa:

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye foleni ya mpaka, malori hayasogei toka asubuhi. Hakuna aliyetaja Lubumbashi na Kiswahili kinaongewa pale mpaka unajisikia nyumbani.

Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco Mwenda. Watu wa gitaa kavu (lisilo la umeme) wanamjua kwa wimbo wa Masanga, aliorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Likasi 1952, kila mpiga gitaa wa Kenya wa zamani aliuiga. Alifika mpaka tamasha la Newport Marekani 1969. Lakini albamu ninayoitaka muisikie ni ile aliyorekodi Cape Town 1988 akiwa mtu mzima, ikatoka 1994 kwa lebo ya Rounder, yeye akiwa ameshafariki kwa ajali huku Zambia mwaka 1990. Gitaa moja, mtu mmoja, vidole viwili vitatu, na utaapa kuna wapigaji wawili. Kiswahili chake cha Katanga nilianza kukielewa vizuri baada ya kuzoea hii njia, mama ntilie wa upande wa pili ndo walinifundisha. Jamaa mmoja fundi simu hapa mpakani ananiwekea kwenye flashi kila nikipita, buku mbili mbili.

Chizi wa Kaseti:

Dereva hiyo sijawahi kuisikia. Una flashi hapo?

Dereva Kasumbalesa:

Ninayo, ila faili moja limekata, wimbo wa tano unaruka. Narudi Dar mwisho wa mwezi nikishusha shaba, nitafute Tabata Relini nikuachie na nyingine ya Masengo, mpiga gitaa mwingine wa huko.

Mzee Kijiwe:

Ya Masengo na mimi naitaka. Na Chizi, umeshaisikiliza Mambo kwenye spika mbili?